Land Rover 109 ya plastiki: naomba mwongozo kabla sijakata kipande cha kwanza

BintiWaDereva, Kigoma

Habari za jioni wadau. Kaka yangu anaishi Ujerumani, na safari hii badala ya viatu amenitumia boksi la Revell: Land Rover Series III, ile ndefu iitwayo 109, ya kuunganisha mwenyewe, skeli 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Vipande vyote bado vimeshikana na fremu zake, sijakata hata kimoja. Karatasi ya maelekezo nimeisoma yote na michoro naielewa. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa mtu ambaye duka la rangi za modeli liko jirani yake. Mimi niko Mwanga. Ninachopata hapa bila kuagiza ni supagluu, gundi nyeupe ya mbao, makopo ya rangi ya kupuliza kutoka duka la vipuri, rangi ya mafuta ya milango, thina, na msasa wa namba zote.

Nauliza kwa uzito kwa sababu baba aliendesha gari hilihili. Ilikuwa 109 ya mradi wa afya, buluu, paa jeupe lisilo jeupe kabisa, Kigoma mpaka Kibondo na kurudi, miaka ya themanini mwanzoni. Picha iko moja tu: amesimama, mkono juu ya boneti, na gari limejaa vumbi jekundu kuanzia usawa wa madirisha kwenda chini. Nataka nimjengee hilo la kwenye picha. La kung'aa silitaki.

Sasa, gundi ipi inashika plastiki hii? Rangi za makopo za magari haziiunguzi? Mvua zimeshaanza huku, je, nisubiri mpaka Juni? Na vumbi na kutu vinawekwaje hadi mtu aliyeliendesha akubali? Nafanya kazi stesheneri, kwa hiyo printa na visu vya kukatia karatasi sina shida navyo.

FundiRangi, Tabora

Dada karibu sana, na umefanya la maana kuuliza wakati fremu bado nzima. Mimi kazi yangu ni kupiga rangi magari, gereji iko Isevya, na usiku nikiwa nyumbani naunganisha haya madogo. Kwa hiyo vitu ulivyovitaja navijua kwa mkono.

Nianze na jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yatajipanga nyuma yake. Kila unachokiweka juu ya gari hili, kizidishe mara 24. Rangi ya gari la kiwandani, ukijumlisha praima (rangi ya kwanza ya kushikia), rangi yenyewe na klia (vanishi ya juu isiyo na rangi), unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiweka unene huohuo kwenye modeli, ni sawa na kupaka gari kubwa rangi ya milimita mbili na nusu. Hakuna gari la namna hiyo barabarani. Mstari wa mlango unaziba, vichwa vya riveti, vile vipini vya kubania bati, vinazama, na Land Rover bila riveti si Land Rover. Unywele mmoja ukinaswa chini ya rangi, kwa macho ya anayetazama ni waya wa karibu milimita mbili umelala juu ya boneti. Ndiyo maana watu wengi wanaunganisha vizuri kabisa halafu gari linabaki na sura ya kichezeo. Kasoro iko kwenye unene.

Gundi. Plastiki hiyo ni polistaireni, na gundi yake halisi haigandishi, inayeyusha: kingo mbili zinalainika, zinaingiliana, dawa ikiruka zinabaki kitu kimoja. Kama huna chupa ya gundi ya modeli, thina ya rangi za magari inafanya kazi hiyohiyo. Shikanisha vipande vikavu, vibane kwa raba au vibanio vya nguo, kisha gusa ungio kwa ncha ya brashi nyembamba iliyochovywa thina. Itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Usiisukume wala usirudie mara nyingi. Jaribu kwanza kwenye fremu, maana thina za madukani hazilingani ukali. Na fanya hivyo mlangoni penye hewa, mbali na jiko na mshumaa.

Sasa unaona mwenyewe jibu la swali la pili. Thina inayounganisha plastiki ndiyo hiyohiyo imo kwenye kopo la rangi, kwa hiyo ndiyo, inaweza kuiunguza. Ukiimwaga kwa mara moja ikalowa, uso wa plastiki unapasuka nyufa ndogondogo ambazo huwezi kuzificha tena. Dawa yake ni praima ya plastiki, ambayo maduka ya vipuri wanayo kwa ajili ya bampa, na subira. Kopo liwe umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza kabla hujafika kwenye bodi na uachie ukiwa umeshaipita. Mkono wa kwanza uwe umande tu, plastiki bado inaonekana. Uache ukauke. Mkono wa pili hivyohivyo. Mpaka wa tatu ndipo unaruhusu rangi ikutane yenyewe. Kabla ya yote hayo osha vipande vikiwa kwenye fremu kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta ya moldi (kalibu ya kumiminia plastiki), na rangi haikai juu ya mafuta.

Usisubiri Juni. Ila chagua saa. Rangi ya kopo inakauka kwa kasi, na inapokauka inapoza uso wa bodi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yanatua juu ya rangi mbichi na inafanya ukungu mweupe. Asubuhi na mapema achana nayo, na baada tu ya mvua kukatika pia. Subiri jua lipande, upulizie mchana sehemu yenye kivuli. Jioni karibu na taa usithubutu msimu huu, kumbikumbi hawana adabu. Ukimaliza kupuliza, funika bodi kwa boksi la kadibodi uondoke. Kuichungulia kila dakika ndiko kunakoleta vumbi.

Kutu naiandikia peke yake, kwa sababu hapa ndipo hata mafundi wakubwa wanapotea. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Mabawa (bati za juu ya magurudumu ya mbele), milango kwa nje na boneti haviwi vyekundu hata gari likae porini miaka 30. Pakikwaruzwa panatoa rangi ya fedha, baadaye kijivu kilichofubaa. Vinavyoshika kutu ni chasisi, bampa, bawaba, fremu za milango, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ukiweka kutu ubavuni mwa bawa, mzee wako atajua mara moja kwamba hukuwahi kuligusa.

WayaNaKobazi, Ujiji

Dada wa Mwanga, mimi ni jirani yako basi. Fundi amesema kweli tupu, ila kwenye thina namwomba aniruhusu tutofautiane kidogo. Kwa mtu anayeshika modeli kwa mara ya kwanza, tone moja likikimbilia chini ya kidole chako, alama ya kidole inabaki kwenye mlango milele. Mimi ningesema thina itumike kwenye maungio marefu yasiyoonekana: chasisi, sakafu, chini ya viti. Vidude vidogo vya nje kama vioo vya pembeni na mishikio ya milango, supagluu kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha meno. Na vioo vya madirisha visiguswe na thina wala supagluu. Thina inavila, na mvuke wa supagluu unaviachia weupe ambao haufutiki kwa kitambaa. Vioo ni gundi nyeupe ya mbao basi. Ikikauka haionekani, na ukikosea inatoka kwa maji.

Sisi tuliokulia hapa tulijenga magari ya waya na makopo ya samaki, magurudumu tukakata kwenye kobazi zilizokwisha. Mikono ile bado inafaa. Usitupe fremu ukishakata vipande! Shika kipande cha fremu juu ya mshumaa, mbali kidogo na moto, ukizungushe mpaka kilainike na kuanza kulegea, kisha kitoe pembeni na uvute mikono pande mbili. Ukivuta polepole unapata fimbo ya antena, ukivuta kwa kasi unapata uzi mwembamba kuliko wa kushonea. Hapo umepata antena, mishikio, na mabomba ya breki, vyote vya plastiki ileile inayokubali gundi ileile.

Kuhusu paa. 109 nyingi za huku zilikuwa na paa la pili juu ya paa, limeachiwa nafasi ya hewa kupita katikati, gari lisiwe tanuri. Tazama picha ya mzee kwa makini. Kama analo na boksi halina, tafuta vikombe vya mtindi au vifuniko vyenye namba 6 ndani ya alama ya pembetatu. Namba 6 ni polistaireni, inaungana na kifaa chako kama ndugu. Kadi za benki ni plastiki nyingine, hizo utagombana nazo.

BintiWaDereva, Kigoma

Shikamooni wote wawili. Nimecheka nilipofika kwenye kumbikumbi maana jana walijaa hadi kwenye chai.

Nimeitazama picha kwa lenzi ya dukani: paa la pili lipo. Na nimemuuliza baba kijanja bila kumwambia kwa nini. Anasema lilikuwa la dizeli, usukani kulia bila shaka, na kwamba mlango wa nyuma ulikuwa hauonekani rangi yake kwa vumbi hata kama walitoka Kasulu asubuhi hiyohiyo. Hilo la mlango wa nyuma sikulielewa, nilidhani vumbi linakuwa zaidi mbele kwa sababu mbele ndiko gari linakoelekea.

Fundi, vumbi lenyewe ni rangi au ni udongo? Nimeshachota kiasi cha udongo barabara ya Kasulu, uko kwenye kopo la maziwa.

SukaWaKibondo

Naomba nijibu la mlango wa nyuma, hilo ni eneo langu. Gari likikimbia linaacha nafasi tupu nyuma yake, hewa inageuka kuja kuijaza, na inabeba vumbi ambalo magurudumu yameshalirusha. Linakuja kutua kwenye mlango wa nyuma na kioo chake. Gari lenye mgongo wa sanduku kama 109 ndilo linaloongoza. Kwa hiyo mpangilio ni huu: nyuma kumezibwa kabisa, ubavu unakolea kadiri unavyoelekea magurudumu ya nyuma, mbele ni vumbi jepesi. Kwenye kioo cha mbele ziache zile nusu duara za waipa ziwe safi. Kuzunguka mshikio wa mlango wa dereva pawe pamefutika, na juu ya bawa la kulia, pale tunapoegemea tukiongea. Kwa msimu wa mvua ingekuwa habari tofauti, matope yanaganda kwa vipande ndani ya matao ya magurudumu na bodi ya juu inaoshwa. Picha yenu ni ya kiangazi, usichanganye.

Jingine. Ndani, pembeni ya gia kubwa, kuna vijiti viwili vifupi. Chenye kichwa chekundu ni cha kubadili hai na lo, yaani gia za kasi na gia za nguvu, chenye kichwa cha njano ni cha kuingiza gurudumu nne. Vipake rangi hizo hata kama karatasi haisemi. Dereva yeyote wa 109 akichungulia dirishani, jicho linakwenda hapo kabla ya kitu kingine chochote. Kile cha njano kilituokoa sana mtoni Malagarasi, kabla daraja kubwa halijajengwa.

FundiRangi, Tabora

Marahaba dada. Suka asante, la nyuma umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Vumbi ni udongo, na huo ulioko kwenye kopo la maziwa ndio wenyewe, hakuna rangi ya dukani itakayoufikia. Lakini kumbuka ile hesabu. Chembe ya mchanga ya nusu milimita kwenye modeli ni jiwe la sentimita moja na zaidi. Ukipaka udongo ulivyo, gari litaonekana limemwagiwa kokoto. Kuchekecha hakutoshi. Fanya hivi: weka vijiko viwili vya udongo kwenye glasi ya maji, koroga sana, kisha hesabu polepole hadi 30 bila kuigusa. Mchanga unazama. Maji ya juu, yale mekundu, yamimine kwenye glasi nyingine bila kuchukua yaliyoko chini. Rudia kwenye glasi ya pili, safari hii uisubirie dakika kadhaa. Maji yanayobaki mekundu baada ya hapo yamebeba chembe laini kabisa. Yaanike kwenye sahani juani, maji yakauke, ukwangue unga kwa kisu. Usugue kati ya vidole viwili: ukisikia mkwaruzo wowote, rudi kwenye glasi. Ukisikia ulaini mtupu, huo ndio vumbi la skeli 1/24. Mimi nikifika hapo huwa nafurahi kuliko siku ya kumaliza gari.

Kuupaka, bodi isiwe inang'aa, vumbi halishiki kwenye kung'aa. Maliza na klia ya mati, ile isiyong'aa. Halafu brashi laini kavu, unga kidogo, uanzie mlango wa nyuma kama Suka alivyosema na kuja mbele ukipunguza. Futa kwa kidole pale mkono wa dereva unapogusa. Ukitaka ubaki bila kufutika, puliza umande mmoja wa klia ya mati kutoka mbali, ila ujue rangi ya vumbi itapungua, kwa hiyo kabla ya hapo lizidishe kidogo.

Kwenye mistari ya milango na kuzunguka riveti tumia rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini hadi iwe majimaji. Gusa mstari, itakimbia yenyewe, baadaye futa ziada kwa kitambaa. Tapentaini haiamshi rangi ya kopo iliyokauka, ndiyo maana tunaifuata kwa mpangilio huo. Kinyume chake hakifai: ukipuliza rangi ya kopo juu ya rangi ya mafuta, ya chini inajikunja.

Dizeli imekurahisishia na imekupa kazi. Huna nyaya za plagi wala distribyuta, usije ukaziweka kwa kuiga picha za magari ya petroli. Badala yake kuna mabomba manne membamba ya chuma kutoka pampu ya injekta kwenda kwenye nozeli, moja kwa kila silinda. Kwa halisi bomba ni kama milimita 6, kwako ni robo milimita. Chuna waya wa spika za masikioni zilizokufa, ndani kuna nyuzi za shaba nyembamba sana. Sokota nyuzi chache pamoja mpaka ufikie unene huo, upake rangi ya chuma. Ukinuia kuacha boneti wazi, hayo manne ndiyo yatakayolisema gari ni dizeli.

Usukani: angalia kama karatasi inakupa chaguo la kulia. Series III ndiyo ya kwanza ya familia ile kuhamishia saa za dashibodi (za spidi, mafuta na kadhalika) mbele ya dereva, zile za awali zilikuwa katikati, kwa hiyo ukihamisha usukani lazima saa nazo zihame.

Paa lisilo jeupe kabisa, rangi yake huitwa Limestone, nyeupe iliyotiwa ukijivu na unjano kidogo, na mara nyingi rimu zilipakwa hiyohiyo. Chukua kopo la krimu iliyofifia. Nyeupe safi juu ya kitu kidogo inapiga kelele.

Namba za gari zichape hapo kazini kwako. Pima urefu wa kibao halisi, gawanya kwa 24. Kibao cha sentimita 52 kinakuwa milimita 21 na ushee. Chapa kwenye karatasi nyembamba, kata kwa kisu kipya, kisha paka kingo za karatasi kwa penseli. Bila hivyo weupe wa ukingo unaonekana kote.

BintiWaDereva, Kigoma

Nimeshakoroga udongo wangu, glasi ya pili iko dirishani. Swali la mwisho kabla ya kukata: matairi yaliyomo ni ya raba laini, yanaingia kwenye rimu bila gundi. Niyapake rangi? Na nianze na bodi au chasisi?

FundiRangi, Tabora

Usiyapake rangi ya kopo, haikauki vizuri juu ya raba ile, inabaki inanata. Pitisha msasa namba 600 kidogo pale tairi linapokanyaga, weusi ule wa dukani utoke, kisha unga wako wa vumbi utashika wenyewe. Lingine ni kwamba raba hizo laini nyingine zina mafuta yanayohama polepole na kuila plastiki zinayoigusa, na joto linaongeza kasi. Paka rimu rangi vizuri hata sehemu ya ndani inayofichika, au zungushia ukanda mwembamba wa foili ya sigara kabla ya kuvalisha tairi. Na gari likiisha lisikae dirishani juani.

Anza na chasisi. Ipake nyeusi iliyofifia, kutu uiweke kwenye maungio na juu ya springi, matope makavu upande wa ndani wa magurudumu. Ikishakauka tuwekee picha hapa kabla hujaifunika na bodi, tuikague pamoja na Suka, maana baada ya hapo hakuna atakayeiona tena bila kulipindua gari.